Rasilimali za devlink: namba imekwama wapi?

Saa nyingi nilizopoteza kwenye devlink, kiolesura cha kerneli (kiini) ya Linux cha kusimamia vifaa vya mtandao, hazikutokana na kerneli kuanguka. Kerneli ikianguka hukuachia mistari ya kusoma. Kilichonichosha ni amri inayorudi kimya, bila kosa lolote, kisha ukitazama kifaa unakuta jedwali lina ukubwa uleule wa jana. Ninaandika kwa ajili ya mtu anayeongeza rasilimali mpya (kama jedwali la maunzi) kwenye draiva yake, yaani programu inayoendesha kifaa, au anayepanua kiolesura chenyewe kwa sifa mpya (kipande cha ujumbe chenye namba yake), na sasa amekaa mbele ya matokeo yasiyoeleweka.

Kwanza tukubaliane namba inapita wapi. devlink iliingia Linux toleo la 4.6 mwaka 2016, na sehemu ya rasilimali ikafuata kwenye 4.16 mwaka 2018. Mtumiaji anaandika ukubwa anaoutaka; programu ya `devlink` kutoka kifurushi cha iproute2 inaufunga kwenye ujumbe wa netlink, njia ya programu kuzungumza na kerneli; kitovu cha devlink ndani ya kerneli kinaukagua na kuuhifadhi pembeni kama `size_new`; hapo namba inasubiri. Kifaa kikipakiwa upya kwa `devlink dev reload`, draiva inauliza ukubwa mpya na kuupeleka kwenye maunzi. Vituo ni vinne, na amri ya kuweka ukubwa hurudi na mafanikio namba ikiwa imefika cha tatu tu. Ukilijua hilo, swali lako la kwanza kila mara litakuwa: namba imekwama kituo gani?

Huhitaji swichi ya bei kubwa ili kujifunza. Moduli ya netdevsim hutengeneza kifaa cha kuigiza chenye rasilimali zake:

```
modprobe netdevsim
echo "10 1" > /sys/bus/netdevsim/new_device
devlink resource show netdevsim/netdevsim10
```

Utaona mti wenye IPv4 na IPv6, na chini ya kila mmoja `fib` na `fib-rules`. Majaribio mengi yaliyo hapa chini unaweza kuyafanya hapo, isipokuwa moja nitakaloligusa.

Dalili: umeweka ukubwa, hakuna kosa, lakini ukubwa haujabadilika

Endesha `devlink resource show` na utazame mstari wa rasilimali yako. Kukiwa na `size` na `size_new` pamoja, zenye namba tofauti, kitovu kimeupokea ukubwa mpya na kinasubiri. Kerneli huchapisha `size_new` pale tu inapotofautiana na `size`. Pakia upya kifaa, kisha tazama tena. Kwa watu wengi tatizo linaishia hapo, maana walidhani kuweka ukubwa ndiko kuutekeleza.

Ukipakia upya na `size_new` ikabaki palepale, draiva haijauliza. Fungua kitendakazi chake cha `reload_up` na utafute mwito wa `devl_resource_size_get`. Usipokuwepo, namba haina njia ya kufika kwenye maunzi. Kitovu hakimsukumii draiva chochote, draiva ndiye anayekuja kuchukua.

Ukipakia upya na `size_new` ikatoweka huku `size` ikirudi ile ya zamani, kisa ni kingine, na hiki ndicho ninachokiona mara nyingi kwenye draiva changa. Mwandishi ameziandikisha rasilimali ndani ya kitendakazi kimoja cha kuanzisha kifaa, na kitendakazi hichohicho kinaitwa wakati wa kupakia upya. `reload_down`, ya kushusha kifaa, inafuta rasilimali zote, na `size_new` aliyoiweka mtumiaji inafutwa nazo. `reload_up` inaziandikisha upya kwa ukubwa wa kiwandani. Chaguo la mtumiaji limefutwa na amri ileile aliyoitumia kulitekeleza. Tiba ni kuziandikisha mara moja tu, kifaa kinapopatikana, na kuziacha hai wakati wote wa kupakia upya. Draiva ya mlxsw, ya swichi za Mellanox, hufanya hivyo: inakagua kama iko ndani ya kupakia upya kabla ya kuandikisha, na ikiwa ndiyo, inaruka hatua hiyo.

Kuna sura ya tatu ya dalili hii iliyonigharimu siku nzima. Niliweka ukubwa mpya. `show` ya kwanza ikaonyesha `size_new`, sawasawa. Nikaendesha `show` ya pili bila kugusa kitu kingine, na sasa `size` ilikuwa namba mpya na `size_new` haikuwepo tena. Sikuwa nimepakia upya. Maunzi yalikuwa na jedwali la zamani, lakini kerneli ilidai kazi imekwisha.

Kosa lilikuwa mstari mmoja wa kuchapisha niliokuwa nimeuongeza mwenyewe kwenye kitendakazi cha kuhesabu nafasi zilizotumika, ili nione ukubwa na matumizi kwa pamoja. Mstari huo uliita `devl_resource_size_get`. Jina linakufanya uamini kwamba kinasoma tu. Hakisomi tu: kinachukua `size_new`, kinaiandika juu ya `size`, ndipo kinakurudishia. Kukiita ni kutangaza kwamba draiva ameupokea ukubwa mpya na ameutekeleza. `show` ya kwanza iliandika `size` ya zamani na `size_new` kwenye ujumbe, kisha ikaita hesabu ya matumizi, na hesabu ikabadilisha rekodi nyuma yake. Kwa hiyo kiite mahali pamoja: ndani ya kuanzisha kifaa, pale namba inapokwenda moja kwa moja kwenye maunzi.

Dalili: kuweka ukubwa kunakubaliwa, kupakia upya kunakataliwa

Ujumbe unaokuja ni `resources size validation failed`. Maana yake watoto wamemzidi mzazi.

Chukua mfano wa chipu ya Spectrum chini ya mlxsw. Ina kumbukumbu moja iitwayo `kvd` yenye nafasi 245760, iliyogawanywa kwa watoto watatu: `linear` 98304, `hash_double` 60416 na `hash_single` 87040. Zijumlishe, utapata 245760 kamili. Hakuna hata nafasi moja iliyobaki. Sasa unataka `linear` iwe 131072. Amri inakubaliwa, kwa sababu 131072 peke yake iko ndani ya mipaka ya `linear`. Lakini jumla imekuwa 278528, imezidi kwa 32768. Kerneli haikatai wakati huo. Inamwekea mzazi alama tu. Tazama `size_valid` kwenye mstari wa `kvd` na utaikuta imekuwa `false`.

Mwanzoni nililiona hili kuwa kasoro ya muundo. Sasa naliona kuwa sahihi kabisa. Kama kila amri ingelazimika kuacha mti ukiwa halali, usingeweza kuongeza mtoto mmoja kabla ya kumpunguza mwingine, na mpangilio wa amri ungekuwa fumbo. Hapa unaruhusiwa kupita kwenye hali isiyo halali ilimradi ufike salama kabla ya kupakia upya.

Wapi utoe zile 32768? Si zote kutoka `hash_single`, maana ingeshuka hadi 54272 wakati kima chake cha chini ni 65536. Shusha `hash_double` hadi kima chake cha chini, 32768, utakuwa umepata 27648. Zilizobaki ni 5120, zitoe kwa `hash_single` iwe 81920. Jumla imerudi 245760 na namba zote zinagawanyika kwa 128, ambayo ndiyo hatua ya chipu hiyo. Sasa kupakia upya kutapita.

Ndilo hili jaribio ambalo netdevsim haitakusaidia ikiachwa ilivyo. Rasilimali zake, mzazi na watoto, huanza na ukubwa wa juu kabisa unaoweza kuandikwa kwa biti 64. Ukijumlisha watoto wawili wa aina hiyo, jumla inapita ukingo na kuanza tena chini, kwa hiyo haimzidi mzazi kamwe. Jaribio lako litapita kwa sababu isiyo sahihi. Mpe kwanza mzazi ukubwa mdogo, na watoto wote pia, ndipo ujaribu kuwazidisha.

Dalili: EINVAL (thamani haikubaliki) papo hapo

Soma ujumbe unaoambatana nayo kabla ya kufungua msimbo. Umezidi kima cha juu, umepungua chini ya kima cha chini, au namba haigawanyiki kwa hatua. Angalizo moja: ukaguzi haukomi kwenye kosa la kwanza. Namba ikiwa kubwa mno na pia haigawanyiki, utaambiwa habari za hatua tu, kwa sababu ujumbe wa mwisho ndio unaobaki. Ukirekebisha hatua na kupata kosa jipya, usidhani umeharibu kitu.

Kwa mwandishi wa draiva: hatua isiwe sifuri hata kwa rasilimali isiyobadilishwa. Kerneli hugawanya ukubwa kwa namba hiyo moja kwa moja, na kugawanya kwa sifuri ndani ya kerneli hakurudishi kosa la kistaarabu. Hutokea hasa pale mtu anapotengeneza muundo wa vigezo kwa sifuri tupu na kujaza kima cha juu peke yake. Pitia `devlink_resource_size_params_init`, inakulazimisha kutaja vyote.

Dalili: mti una umbo baya

Watoto wameonekana juu kabisa, sambamba na mzazi wao. Tazama orodha yako ya vitambulisho. Kama ya kwanza ni 0, umelipata tatizo. Sifuri imetengwa: `DEVLINK_RESOURCE_ID_PARENT_TOP` ni 0, yaani "sina mzazi". Rasilimali yenye kitambulisho 0 huandikishwa bila neno, lakini mtoto anayesema "mzazi wangu ni 0" anachukuliwa kuwa hana mzazi. Lugha ya C huanza kuhesabu enum (orodha ya majina yenye namba) kutoka sifuri usipoiambia vingine, kwa hiyo andika `= 1` kwenye kitambulisho cha kwanza.

EEXIST wakati wa kuandikisha ni kitambulisho kilichorudiwa popote kwenye mti, hata chini ya mzazi tofauti. Majina yanaweza kufanana, kama `fib` mbili za netdevsim, vitambulisho haviwezi. EINVAL wakati wa kuandikisha ni mtoto aliyetangulia mzazi.

Dalili: umeongeza sifa mpya kwenye kiolesura, inatumwa, inapuuzwa, na amri inafanikiwa

Hapa tumetoka kwenye draiva na kuingia kwenye mkataba kati ya kerneli na programu za mtumiaji. Makosa ya hapa yanaishi muda mrefu kuliko sisi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Amri za zamani za devlink, ya kuweka rasilimali ikiwemo, zimetiwa alama ya `GENL_DONT_VALIDATE_STRICT`. Chini ya alama hiyo, sifa yenye namba kubwa kuliko kikomo cha amri haikataliwi. Inarukwa. Programu mpya ikizungumza na kerneli ya zamani, itatuma sifa mpya, kerneli itaisahau, itatekeleza iliyobaki na kujibu "sawa". Mtumiaji anaamini amewekewa kitu ambacho hakipo.

Kabla ya kulaumu kerneli, hakikisha sifa inaondoka kweli. Tengeneza kiolesura cha kusikilizia netlink na unase ujumbe:

```
ip link add nlmon0 type nlmon
ip link set nlmon0 up
tcpdump -i nlmon0 -w nasa.pcap
```

Ikiwa namba ya sifa imo kwenye ujumbe uliotumwa, tatizo liko upande wa kerneli. Ikiwa haimo, iproute2 uliyoijenga inatumia nakala ya zamani ya faili la `devlink.h`. iproute2 hubeba nakala yake ndani ya mti wake, wala haisomi ile ya kerneli uliyoijenga jana. Kinyume chake pia hutokea: kerneli inatuma sifa mpya kwenye jibu, na `devlink` ya zamani inairuka bila kuichapisha.

Kwa upande wa kerneli, sera ya kila amri, yaani orodha ya sifa inazozikubali, haiandikwi tena kwa mkono. Inatokana na faili la `Documentation/netlink/specs/devlink.yaml`, na hati ya `tools/net/ynl/ynl-regen.sh` hulitumia kuzalisha `net/devlink/netlink_gen.c`. Hapo pana mitego miwili. Wa kwanza: umeiongeza sifa kwenye orodha ya sifa zote lakini umesahau kuitaja chini ya amri yenyewe, hivyo sera ya amri hiyo haiijui. Wa pili: umebadilisha YAML lakini hukuendesha hati.

Mtego huu una upande mwingine ulio hatari zaidi. Kitendakazi chako kinasoma `info->attrs[SIFA_MPYA]`. Safu ya `attrs` hutengewa kumbukumbu kulingana na kikomo cha amri hiyo peke yake, si cha familia nzima. Sera isipoijua sifa yako, na namba yake ikiwa juu ya kikomo, unasoma nje ya safu. Siku nyingi utapata takataka inayofanana na NULL na jaribio litapita. Siku moja hutaipata. Kerneli iliyojengwa na KASAN, kikaguzi cha makosa ya kumbukumbu, itakulilia `slab-out-of-bounds` kwenye mstari huohuo mara ya kwanza. Sijawahi kujuta kuwasha KASAN kwa kazi ya aina hii, na nimejuta zaidi ya mara moja kutoiwasha.

Kisha kuna dhambi kubwa: kuchomeka sifa katikati ya enum kwa sababu inapendeza ikikaa karibu na wenzake. Kila sifa iliyo chini yake inasogea namba moja. Kwenye mashine yako kila kitu kinafanya kazi, maana umejenga pande zote mbili kutoka mti mmoja. Kwa mtu mwenye programu iliyojengwa mwezi uliopita, ukubwa unasomwa kama kitambulisho na kitambulisho kama kima cha chini. Dalili yake ni namba za kushangaza kwenye sehemu ambazo hukuzigusa. Sifa mpya hukaa mwisho, juu kidogo ya `__DEVLINK_ATTR_MAX`, hata kama itaonekana haina ndugu pale.

Dalili: "Message too long"

Draiva ina rasilimali nyingi na sasa `show` inarudisha EMSGSIZE. Cha ajabu zaidi, hata `set` inakataa. Sababu ni kwamba mtumiaji huandika njia kama `/kvd/linear`, lakini kerneli inaelewa vitambulisho tu. Kwa hiyo `devlink` huomba kwanza mti wote, hutafuta njia, ndipo hutuma kitambulisho. Mti usiposomeka, hakuna kinachowekwa.

Kerneli inaweza kugawa mti kwenye ujumbe kadhaa, lakini hukata kati ya rasilimali za juu tu. Rasilimali moja ya juu pamoja na vizazi vyake vyote lazima itoshe kwenye ujumbe mmoja, na ujumbe huo hauzidi ukurasa mmoja wa kumbukumbu, yaani chini kidogo ya baiti 4096 kwenye mashine za kawaida. Kila rasilimali hula baiti mia moja na zaidi. Watoto arobaini chini ya mzazi mmoja hawatoshi. Mashine yenye kurasa kubwa zaidi hupata takriban baiti 8192, ndiyo maana mwenzako anaweza kukuambia kwake inafanya kazi. Panga watoto chini ya wazazi kadhaa wa juu, kama maunzi yanaruhusu mgawanyo huo kuwa wa kweli.

Mengine ya haraka

EPERM (umenyimwa ruhusa) ukiwa root ndani ya kontena: amri za kubadilisha zinataka ruhusa ya CAP_NET_ADMIN ya mfumo wenyewe, si ya kontena. EOPNOTSUPP (jambo halitumiki) kwenye `show`: hakuna rasilimali iliyoandikishwa, tafuta kama uandikishaji ulishindwa mapema na draiva akaendelea kimya. EOPNOTSUPP kwenye kupakia upya: draiva haina `reload_down` na `reload_up`, au hajatangaza kitendo cha `driver_reinit` kwenye `reload_actions`, jambo linalotakiwa tangu toleo la 5.10.

`devlink dev reload` ikining'inia bila kurudi na mchakato ukakaa kwenye hali ya D (usingizi usiokatizika), soma `/proc/<pid>/stack`. Ukikuta `devl_lock` chini ya `reload_up` yako, umejifungia mwenyewe. Kwenye kerneli za sasa, kitovu hushika kufuli la kifaa kabla ya kumwita draiva. Vitendakazi vinavyoanza na `devl_` vinadai kufuli liwe limeshikwa tayari. Usilishike mara ya pili. Wakati wa kupata kifaa kwa mara ya kwanza ni kinyume: hapo unalishika wewe.

Na ukiona onyo la WARN wakati wa kuondoa moduli, likitaja `occ_get`, tazama hesabu za matumizi unazoandikisha na unazofuta. Kila `devl_resource_occ_get_register` inataka mwenzake mmoja, na kuandikisha mara mbili kwenye kitambulisho kilekile kunapiga onyo hapohapo. Kwa kawaida chanzo ni njia ya kosa ndani ya `reload_up` iliyotoka katikati: nusu ya hesabu zimeandikishwa, nusu bado, na `reload_down` inayofuata inajaribu kuzifuta zote.